Tuache Kuwafundisha Watoto Kubofya "Run"

Poleni na majaribio ya katikati ya muhula, na poleni zaidi kwa wale ambao bumu limekata mapema na sasa mnaishi kwa chai na maandazi mawili. Leo sitaongelea bumu wala foleni ya kantini. Leo nina mada ambayo wengine mtasema ni ya watu wa TEHAMA, sisi wa ualimu inatuhusu nini. Inatuhusu sana, jamani. Nipeni dakika chache.

Naongelea kile kisanduku kidogo kinachojitokeza kwenye Windows kila unapotaka kufungua programu iliyopo kwenye draivu ya mtandao. Kinasema kwa Kiingereza kwamba mchapishaji wa programu hii hajathibitishwa, una uhakika unataka kuiendesha? Chini kuna vitufe viwili, "Run" na "Cancel". Wote mmekiona. Wote mnajua kidole kinakwenda wapi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane: kile kisanduku si adui. Ila kwa namna tunavyokiacha kwenye maabara za shule zetu, kinawafundisha watoto tabia ambayo ni mbaya kuliko kirusi chenyewe. Na wa kulaumiwa hapa si mtoto.

Kwenye BTP iliyopita nilipangiwa sekondari moja wilayani Kasulu (jina naliacha, watu wana heshima zao). Mimi mwenyewe ni wa Kibondo, kwa hiyo Kasulu ni nyumbani tu: Kiha tunaelewana, ugali wa muhogo ni uleule, na maharage ndiyo usiseme. Shule ile ina maabara ya kompyuta za mezani kama kumi na tano, na moja wameifanya seva. Programu zote za kufundishia zimewekwa kwenye seva: ya kujifunza kuchapa, GeoGebra ya hisabati, na Kiwix ambayo inakupa Wikipedia ya kusoma bila intaneti. Kila kompyuta ina draivu Z inayoelekea kule kwenye seva.

Kwa kweli utaratibu wenyewe ni mzuri. Kwa shule yenye intaneti ya kuungaunga, unapakua mara moja, wanatumia wote. Na tusisahau tulikotoka: kabla gridi ya Taifa haijafika kwetu mwaka 2022, tulikuwa watu wa majenereta ya dizeli, na maabara ya kompyuta ilikuwa kama kabati la maonyesho. Leo umeme upo, kompyuta zipo, watoto wana hamu. Sasa ndiyo wakati wa kuangalia tunawafundisha nini humo ndani.

Kipindi ni dakika 40, watoto watatu kwenye kompyuta moja. Kila programu ikifunguliwa, kisanduku kinatokea. Ukifunga ukafungua tena, kinatokea tena. Siku ya kwanza nilisimama nyuma ya kompyuta moja nikawauliza vijana wa kidato cha pili, hiki kinasema nini? Wakatazamana. Mmoja akanijibu kwa heshima kabisa: "Mwalimu, hicho bonyeza Run tu, ndo tunavyofanyaga." Nikamuuliza tena, lakini kinasema nini? Akasema, "Kinasema tuendelee."

Kinasema tuendelee! Jamani, kisanduku kimeandikwa ili kimzuie mtu afikiri, mtoto amekielewa kinyume kabisa. Na ana haki ya kukielewa hivyo, kwa sababu kwa uzoefu wake wote wa kompyuta hajawahi kuona kikifanya kingine zaidi ya kumchelewesha.

Sasa tujiulize, kwa nini kinatokea kila mara wakati seva iko palepale darasani, hatua nne kutoka alipokaa mtoto? Hapa ndipo penye utamu.

Onyo hili kwa sura yake hii lilikuja na Windows XP Service Pack 2, Agosti 2004. Miaka ile mitandao ilikuwa imeshaumizwa sana na virusi vya barua pepe, Microsoft wakaamua kwamba mtu asifungue programu ya kutoka mbali bila kuulizwa kwanza. Nia nzuri. Ili kujua kipi ni cha mbali na kipi ni cha karibu, Windows imeigawa dunia katika kanda tano na kuzipa namba: 0 ni kompyuta yenyewe, 1 ni mtandao wa ndani, 2 ni sehemu zinazoaminiwa, 3 ni intaneti, 4 ni sehemu zilizozuiwa. Faili likitoka kanda ya 3, unaulizwa.

Tatizo ni jinsi inavyoamua. Haiangalii umbali wa kebo. Inaangalia jina la anwani. Ukiunganisha draivu Z kwa jina fupi la seva, tuseme \\SEVA\programu, Windows inaweza kuitambua kuwa ni ya ndani. Ukiiunganisha kwa namba, tuseme \\192.168.1.10\programu, inaona nukta ndani ya anwani na kusema: huyu ni wa intaneti. Yaani seva iliyo mezani kwa mwalimu inahesabiwa sawa na tovuti usiyoijua iliyo ng'ambo ya bahari! Na shule nyingi zimeunganisha kwa namba, kwa sababu fundi alikuja siku moja, namba ikafanya kazi, akalipwa akaondoka.

Aliyesafiri barabara ya Kibondo na Kasulu anajua vizuizi. Wilaya zetu zimepokea wakimbizi kwa miaka mingi, Nyarugusu ipo tangu 1996, kwa hiyo ukaguzi njiani ni jambo tulilolizoea na lina sababu zake. Sasa fikiria askari wa kizuizi ambaye kila asubuhi anamsimamisha mwalimu mkuu wa shule ya jirani, anamuuliza jina lake, anatoka wapi, anakwenda wapi, na kila asubuhi anamwambia pita. Baada ya mwezi mmoja yule askari anauliza tu kwa mdomo, haangalii hata uso. Siku akipita mtu mwingine amevaa koti la mwalimu mkuu, naye atapita. Kizuizi kipo, askari yupo, ulinzi hakuna. Maabara zetu ndivyo zilivyo.

Ngoja niwape na kichekesho kingine, ambacho kwangu ndicho kibaya zaidi. Kuna sababu ya pili ya onyo kutokea. Ukipakua faili kutoka intaneti, kivinjari hulibandika alama iliyofichwa inayoitwa Zone.Identifier, inayosema faili hili lilitoka kanda ya 3. Alama hiyo inakaa vizuri kwenye diski yenye mfumo wa NTFS. Lakini flashi zetu nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haina mahali pa kuihifadhi. Ukikopi faili kwenda kwenye flashi ya namna hiyo, alama inapotea kimyakimya. Ukilitoa kwenye flashi kuliweka kwenye kompyuta, halionyi chochote kwa sababu ya alama hiyo. Linaonekana safi kama limeogeshwa.

Sasa mtoto anajifunza nini? Anajifunza kwamba programu ya seva, iliyowekwa na mwalimu na kukaguliwa, ina onyo. Programu ya flashi, iliyopita steshenari tatu za mjini ambako kila mtu anachomeka flashi yake kuprinti, haina onyo. Kwa hiyo flashi ndiyo salama! Nilimsikia mwalimu mzima akisema, "Bora flashi, seva ina matatizo." Hapana, mwalimu wangu. Nyinyi nyote mnaijua ile flashi inayogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato, unafungua noti za saikolojia unakuta vishale vitupu. Ile haikuja na onyo lolote.

Wapo wanaosema dawa ni kuzima onyo lote. Na mitaani wanazima kweli. Mafundi wengine wanaingia kwenye mipangilio ya kanda ya intaneti wanaruhusu kila programu iendeshwe bila kuuliza. Wengine wanaweka kigezo cha mfumo kinachoitwa SEE_MASK_NOZONECHECKS wakakipa thamani 1, onyo linakufa. Mtoto anafurahi, mwalimu anafurahi, kipindi kinakwenda. Lakini mmemtoa askari kwenye barabara nzima kwa sababu alikuwa anamsumbua mtu mmoja. Faili lolote la ajabu litakaloingia kesho kwa barua pepe au kwa kupakuliwa nalo halitaulizwa.

Wapo pia wanaosema tuache kama ilivyo, mtoto aelimishwe asome onyo kila mara. Hawa nawaheshimu, maana wanaongea kama walimu. Ila nawauliza: mtoto wa Kasulu anaongea Kiha nyumbani, amesoma msingi kwa Kiswahili, Kiingereza cha masomo yote amekutana nacho kidato cha kwanza. Mnataka asome sentensi ya kitaalamu ya Kiingereza mara kumi kwa kipindi, kuhusu programu ileile aliyoifungua jana, na kila mara afikirie upya? Hata mimi wa chuo kikuu siwezi. Hata wewe huwezi. Mazoea hujenga tabia, na hakuna semina inayoshinda mazoea ya kila siku.

Na kwa lugha tusijifanye hatukuwa na njia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu Desemba 2004. Windows nayo ina pakiti ya Kiswahili. Zana zipo, sisi ndio hatuziweki.

Basi tufanye nini? Mimi naona dawa ni onyo liwe adimu, ili likitokea watu washtuke. Hii ni kazi ya mchana mmoja tu. Pale shuleni tuliifanya na mwalimu wa kompyuta Jumamosi moja, na hatukununua kitu:

Kwanza, unganisha draivu kwa jina la seva badala ya namba. Hili peke yake linaweza kutosha kwenye mitandao iliyopangwa vizuri.

Pili, lisipotosha, na kwenye kompyuta ambazo haziko kwenye domeini mara nyingi halitoshi, itaje seva waziwazi. Unafungua "Internet Options", unakwenda "Security", unachagua "Local intranet", halafu "Sites", halafu "Advanced", unaongeza jina la seva yako. Seva yako tu! Usiweke nyota ya kuruhusu kila kitu. Kama shule ina seva inayotawala kompyuta zote kwa domeini, orodha hiyo inapangwa mara moja kwa sera ya kundi na kila kompyuta inaipokea.

Tatu, na hili ndilo watu wanalisahau: ukishaiambia kompyuta iiamini seva, lazima seva iwe ya kuaminika kweli. Folda ya programu iwe ya kusoma tu kwa wanafunzi. Anayeandika humo awe mtu mmoja au wawili wenye paswedi zao. Kama kila mtoto anaweza kuweka faili kwenye folda ya programu, basi kompyuta moja ikiugua inaweka kirusi kule, na zote kumi na tano zinakifungua kwa furaha, bila hata swali. Bila hatua ya tatu, hatua ya kwanza na ya pili ni hatari tupu. Bora onyo libaki.

Nne, kabla ya kuweka programu kwenye seva, ikague. Ipakue kwa wenyewe walioitengeneza. Bofya kulia, fungua sifa za faili, angalia kama lina saini ya kidijitali na saini ni ya nani. Kama mtengenezaji ametoa alama ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, unaandika certutil -hashfile, jina la faili, na SHA256, halafu unalinganisha. Zikitofautiana hata herufi moja, futa. Ukisharidhika, ndani ya sifa hizohizo kuna kisanduku cha "Unblock", kinaondoa ile alama iliyofichwa kwa faili hilo moja tu. Angalizo: hiki kinaponya onyo linalotokana na alama, hakiponyi linalotokana na anwani ya seva. Watu wengi wanabofya "Unblock" mara mia halafu wanalalamika hakifanyi kazi.

Tukamaliza, Jumatatu watoto wakafungua GeoGebra, kimya. Wakafungua ya kuchapa, kimya. Halafu kijana mmoja akachomeka flashi yake, kazi yake nzuri tu ya shule, akapakua na kiprogramu fulani cha kugeuza muziki kutoka intaneti... kisanduku kikatokea. Akasimamisha mkono. Akaniita: "Mwalimu, hii imeuliza." Wadau, hayo maneno matatu mimi nayaona ni makubwa kuliko somo zima nililoandaa wiki ile. Mtoto yuleyule, kompyuta ileile, onyo lilelile. Kilichobadilika ni kwamba sasa lina maana.

Nisije nikaeleweka vibaya. Onyo hili si kinga ya kila kitu. WannaCry ya Mei 2017 iliingia kompyuta laki mbili na zaidi katika nchi zaidi ya 150, na haikusubiri mtu abofye "Run". Ilipita kwenye udhaifu wa SMB toleo la kwanza, njia hiyohiyo ya kushirikishana mafaili ndani ya mtandao, wakati kiraka cha kuuziba Microsoft walishakitoa Machi mwaka uleule. Waliopona ni waliosasisha. Na kabla yake Conficker ya 2008 ilitembea kwa flashi na kwa folda za mtandao zenye paswedi dhaifu. Kwa hiyo masasisho, paswedi na nakala rudufu iliyotolewa nje ya seva bado ni lazima. Windows 10, ambayo bado iko kwenye kompyuta nyingi za shule, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo wakuu wa shule walijue na waliweke kwenye bajeti.

Na msiseme ni kompyuta tu, tutafomati. Kwenye seva zile za shule si programu peke yake. Kuna alama za maendeleo ya mwanafunzi, kuna majina ya wazazi na namba zao za simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, siyo mapambo. Mzazi wa Makere au wa Kifura aliyeandika namba yake kwenye fomu ya kujiunga hakuiandika ili ije kupotea kwa sababu sisi tulioaminiwa tuliona kisanduku ni kero.

Zaidi ya hapo, tabia haibaki maabara. Mtoto anayebofya bila kusoma darasani ndiye huyohuyo jioni anayeshika simu ya mama yake, simu yenye hela ya mauzo ya maharage, na simu nayo inauliza: uruhusu programu hii isiyotoka dukani iingie? isome jumbe zako? Kidole kinajua kazi yake. "Ndo tunavyofanyaga."

Hivyo ombi langu kwenu walimu watarajiwa wenzangu. Mwaka huu tukienda BTP, iwe Kibondo, Kasulu, Kakonko au kwingine kokote, ukiingia maabara muulize mtoto yeyote onyo lile linasema nini. Akikujibu "linasema tuendelee", usimcheke na usimgombeze. Mtafute mwalimu wa kompyuta, mkae, mwangalie draivu imeunganishwa kwa jina au kwa namba, mwangalie nani anaweza kuandika kwenye folda ya programu. Sisi tumesomea kwamba mtoto anajifunza zaidi kwa anachokiona kikifanyika kuliko kwa anachoambiwa. Mtihani wetu tuliufaulu kwa kuandika hivyo. Sasa tufanye hivyo.

Naomba kuwasilisha. Mwenye maabara yenye tatizo kama hili anitafute hosteli, soda moja tu tunamaliza. Nimesema soda moja, bumu limekata na kwangu pia!